Dire Straits au Guns N' Roses: uanze na albamu ipi ya kwanza?

Mpwa wangu hupiga gitaa la solo kwenye kwaya ya vijana huko Machame. Likizo iliyopita alikuja kukaa kwangu Kijenge, na siku ya tatu, tukiwa tumeshanawa baada ya chakula, akaniuliza: "Mjomba, nataka kuijua roki, lakini sitaki nyimbo moja moja za kuokoteza. Nataka albamu moja nzima, niishike mpaka niimalize. Nianze na ipi?"

Arusha ukiiuliza habari za muziki itakujibu kwa hip hop. Ndiko walikotoka X Plastaz, waliochanganya mistari ya Kiswahili na uimbaji wa Kimaasai. Wazee watakujibu kwa dansi, na siku ya Jumapili mji mzima utakujibu kwa kwaya. Roki ilibaki kwa wachache: mafundi redio, wahudumu wa baa za watalii, na sisi tuliorithi kanda za kaka zetu pamoja na redio kaseti zenye mlango uliofungwa kwa mpira. Kwa hiyo nilimpa muda wa kulala, nikakaa mwenyewe nikachambua. Mpaka asubuhi zilikuwa zimebaki mbili: albamu ya Dire Straits ya mwaka 1978, inayoitwa kwa jina la bendi yenyewe, na *Appetite for Destruction* ya Guns N' Roses, ya mwaka 1987.

Zote mbili ni albamu za kwanza, na hilo nililifanya makusudi. Albamu ya kwanza ndiyo pekee ambayo bendi huitunga bila kujua kama kuna atakayeisikiliza. Nyimbo zake zimepigwa kwenye kumbi za hovyo kwa miaka, mbovu zikafa huko huko, zilizobaki zikaingia studio. Ya pili hutungwa ndani ya mwaka mmoja, kwenye basi la ziara, huku mwenye kampuni akipiga simu. Kuna jambo jingine pia: watu wenyewe huwa bado ni wale wale. Mpiga gitaa David Knopfler alitoka Dire Straits mwaka 1980, mpiga drams Pick Withers akafuata 1982. Guns N' Roses walimwondoa mpiga drams wao Steven Adler mwaka 1990, na mpiga gitaa Izzy Stradlin akaondoka 1991. Ukitaka kuzisikia bendi hizi kabla hazijaanza kumegeka, ni hapa.

Barabara ya Moshi, sikio moja moja

Siku ya kumrudisha niliziweka zote mbili kwenye simu. Ya Dire Straits ina nyimbo 9, dakika 41 na ushee. Ya Guns N' Roses ina nyimbo 12, karibu dakika 54. Jumla ni kama dakika 95, na Kosta ya Arusha–Moshi, ile inayosimama kila penye mtu mwenye gunia, haifiki haraka zaidi ya hapo. Tukapanda, tukagawana hedifoni za waya: yeye sikio la kulia, mimi la kushoto. Shika hilo la masikio, nitalirudia.

Tulianza na Dire Straits. Wimbo wa kwanza, "Down to the Waterline", unafunguka kwa gitaa linalopanda na kushuka polepole kama honi ya meli iliyo mbali kwenye ukungu, kisha drams zinaingia na gari linaondoka. Hakuna anayekupigia kelele. Mama aliyekaa mbele yetu na kuku wake alikuwa anasikia sauti ndogo inayovuja kwenye hedifoni, na kabla ya Tengeru alikuwa amelala. Hiyo unaweza kuihesabu kuwa sifa au kasoro, shauri yako.

Albamu hii ilirekodiwa London, studio za Basing Street, Februari 1978, chini ya mtayarishaji Muff Winwood, kwa gharama ya pauni 12,500. Wakati huo London ilikuwa imetekwa na panki: vijana wenye hasira, chodi tatu, na makelele. Hawa wanne wakaja na muziki wa chini, wa mtu aliyekaa pembeni akiangalia. Mark Knopfler alikuwa ameshakuwa mwandishi wa habari na mwalimu. Mdogo wake David, mpiga rizimu, alikuwa ofisa ustawi wa jamii. John Illsley alishika besi. Pick Withers ndiye aliyekuwa na uzoefu wa kupiga drams studio. Jina la bendi lenyewe maana yake ni kubanwa na shida, kwa sababu ndivyo mifuko yao ilivyokuwa.

Sasa niseme kwa nini nadhani masikio yetu sisi yana haki maalumu na albamu hii.

Mark Knopfler hatumii piki, kile kiplastiki cha kukwanyulia nyuzi. Anapiga kwa vidole vitupu. Gitaa lake halina mkwaruzo. Kila noti inasikika peke yake, safi, kama punje za mahindi zikidondoka moja moja kwenye ungo. Na halipigi likingoja zamu yake mwishoni tu: anaimba mstari, gitaa linamjibu, anaimba mwingine, linamjibu tena kwa namna nyingine. Mtu aliyekulia na dansi anaijua tabia hiyo tangu tumboni. Ndivyo gitaa la Mbaraka Mwinshehe lilivyokuwa likizungumza na sauti yake mwenyewe, tangu Morogoro Jazz hadi Super Volcano. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Mwezi huo huo "Sultans of Swing", wimbo wa sita kwenye albamu hii, ulikuwa unatolewa upya baada ya kutoka mara ya kwanza Mei 1978 bila mtu kushtuka. Sidai kuna uhusiano wowote. Nasema tu kwamba mimi hizo habari mbili siwezi kuziwaza moja bila nyingine.

"Masultani?" mpwa akauliza. "Wa Zanzibar?"

Hapana. Mark aliingia kwenye baa moja Deptford, kusini-mashariki mwa London, akakuta bendi ya jazi inawapigia watu wachache ambao hata hawakuwa wanasikiliza. Mwisho wa onyesho kiongozi akaaga ukumbi kwa heshima zote: sisi ndio Masultani wa Swingi. Ukubwa wa jina na utupu wa ukumbi vikamkaa Mark kichwani. Akaandika wimbo, kwanza kwenye gitaa la National, lile la mwili wa chuma, akaona hauna ladha. Mwaka 1977 akanunua Stratocaster, gitaa la umeme, akaupiga tena kwenye hilo, na chodi mpya zikajipanga zenyewe. Bendi ikarekodi kanda ya majaribio ya nyimbo tano, wakampelekea mtangazaji Charlie Gillett wa redio ya BBC ya London wakitaka ushauri tu. Badala ya ushauri, aliurusha hewani. Kampuni zikaanza kupiga hodi.

Ndani ya wimbo huo kuna mpiga gitaa anayezijua chodi zote lakini anapiga rizimu tu kwa sababu hataki kujionyesha. Kuna mwingine hajali kama hatakuwa maarufu. Ana kazi yake ya mchana na anaishi vizuri. Nani asiyewajua watu hao? Morogoro Jazz, Dar es Salaam Jazz, Western Jazz: bendi zetu zilijiita jazi bila kupiga ile jazi ya Wamarekani, na wengi wa wanamuziki wetu walikuwa waajiriwa. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Wengine walivaa sare za polisi au za jeshi asubuhi na kushika saksafoni usiku. Wimbo wa Mwingereza kuhusu bendi ya watu wenye kazi za mchana, kwetu hauhitaji mkalimani.

Na kitu kimoja mpwa ndiye aliyekiona, si mimi. Wimbo mzima unasifia sauti ya matarumbeta, lakini ukiusikiliza, hakuna tarumbeta hata moja. Kwao Machame, ambako kanisa la Kilutheri halikamiliki bila matarumbeta kwenye harusi wala msibani, jambo hilo lilimshangaza kweli. "Sasa mbona nayasikia?" Nikamwambia hiyo ndiyo kazi ya gitaa la huyu bwana. Karibu na mwisho kuna kipande cha haraka, vidole vinapanda nyuzi kama mtu anayekimbilia basi. Alikirudisha mara tatu, Kosta ikiwa imesimama Usa River ikisubiri abiria.

Nisikufiche kasoro. Sauti ya Mark ni ya mtu anayeongea akiwa ameegemea ukuta. Asiyezoea Kiingereza cha namna hiyo atapoteza nusu ya maneno. Baada ya "Sultans" albamu inashuka taratibu, na "Lions", wimbo wa kumalizia, unanikumbusha mtu aliyeinuka kutoa neno la shukrani kisha akasahau alichotaka kusema. Nyimbo zinafanana mwendo. Ila "Water of Love", ambamo lile gitaa la chuma linasikika kama kiu yenyewe, ningeibeba hata kama zingine zote zingepotea.

Kisha ikaingia ile nyingine

Tulikuwa tumeipita Usa River muda kidogo wakati "Welcome to the Jungle" ilipoanza: gitaa lenye mwangwi, kisha Axl Rose akapiga yowe lake la kupanda kama king'ora. Mpwa aliruka kitini. Konda akatuangalia.

Albamu hii haikuombi ruhusa. Ilirekodiwa California chini ya mtayarishaji Mike Clink, ikatoka tarehe 21 Julai 1987, wakati ambapo bendi nyingi za Los Angeles zilishughulika zaidi na nywele na poda za uso kuliko nyimbo. Hawa watano walikuwa wanaishi vibaya kweli kweli, na inasikika. Lakini usidhani ililipuka siku ile ile. Ilisuasua kwa mwaka mzima; televisheni ya muziki haikutaka kuirusha mpaka ikabembelezwa, tena ikairusha usiku wa manane. Ilishika namba moja Marekani Agosti 1988. Leo imeuza zaidi ya nakala milioni 18 Marekani peke yake. Katika hilo albamu zetu hizi mbili ni ndugu: zote zilikaa mlangoni muda mrefu kabla ya kufunguliwa.

Sasa yale masikio. Tulipofika Kikatiti tulikuwa tunabishana. Mimi nilisema bendi hii ina mpiga rizimu hodari mno, mtulivu, anayeacha nafasi. Yeye akasema rizimu gani, hapa kuna solo la hatari tu, kama moto wa nyasi. Kila mmoja alidhani mwenzake haelewi muziki, na mimi nilikuwa karibu kumkumbusha nani mjomba hapa. Ndipo nikakumbuka: kwenye albamu hii gitaa la Izzy Stradlin limewekwa upande wa kushoto, la Slash upande wa kulia. Mimi nilikuwa na Izzy, yeye alikuwa na Slash. Tulikuwa tunasikiliza albamu mbili.

Tukabadilishana. Nikaelewa kitu ambacho miaka yote kanda zangu zilizochujuka hazikuwahi kuniambia: magitaa haya mawili hayapigi kitu kimoja. Moja linasuka, lingine linapita katikati ya suko. Wapenzi wa dansi wanajua solo na rizimu zinavyopishana bila kugongana. Hapa ni mchezo ule ule, ila umevaa ngozi nyeusi na kuwasha sigara. Chini yao Duff McKagan, aliyetokea kwenye panki ya Seattle, anakimbiza besi, na Adler anapiga drams zenye mtikisiko wa kuchezeka badala ya ule wa askari wa gwaride. Ndiyo maana, nadhani, albamu hii haijachuja wakati majirani zake wengi wa mwaka ule ukizisikia leo zinakuchekesha. Nyingi zilijaa vinanda vya umeme na drams zenye mwangwi wa pipa. Hii ukiisikia unawaona watu watano chumbani.

Ile ya Dire Straits imedumu kwa sababu hiyo hiyo, kwa njia ya kinyume. Hakuna kilichoongezwa ambacho kingezeeka. Gitaa mbili, besi, drams, sauti. Sisi tuna neno zilipendwa kwa nyimbo za namna hii, na siku zote nimeliona lina kosa la wakati: zingekuwa zilipendwa tu, zisingekuwa zinapigwa mpaka leo.

Mgeni mjini

Ukiziweka pamoja utagundua zote zinasimulia habari moja: kijana wa mkoani aliyefika jiji kubwa. Mark Knopfler alikulia Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, akaenda London. Axl na Izzy wanatoka Lafayette, Indiana, wakaenda Los Angeles. Mark anatembea jijini mikono mfukoni. Katika "Wild West End" anapita mtaani akinunua hiki, akiangalia yule, anachekeshwa, anasikitika kidogo, anaendelea. Axl ameshuka stendi usiku na tayari kuna mtu anamvuta begi. "Welcome to the Jungle" ni jiji linalomwambia mgeni litamfanya nini, na halimwambii kwa upole.

Mpwa wangu ana mpango wa kwenda Dar mwakani. Nilimuuliza yupi anamwamini. Akafikiri mpaka tukapita njia panda ya KIA, akasema: "Huyu wa pili ndiye atakayenipokea. Yule wa kwanza ndiye nitakayekuwa baada ya miaka mitano, nikipata chumba." Nilijuta kwamba sikulisema mimi.

Kwa mwenye gitaa mkononi

Hapa sina kigugumizi. Kama unasikiliza ili ujifunze, chukua Dire Straits.

Beti za "Sultans of Swing" zinasimama juu ya chodi nne zinazoshuka ngazi: Dm, C, Bb, A. Mtoto wa kwaya anazo zote. Kuzipiga kama Mark ni kazi ya miaka, ila kuanza ni jioni moja, na amplifaya ya kanisani, ile isiyo na mbwembwe, inatosha kabisa kwa sababu sauti inayotakiwa ni safi. Kitakachokutesa ni vidole vya mkono wa kulia. Weka piki mfukoni, uumie wiki mbili, halafu utaona.

*Appetite* inakutaka zaidi vifaa. Bila mkwaruzo wa amplifaya haisikiki kitu, na wao wamelegeza nyuzi zote nusu toni, kwa hiyo ukitaka kupiga nao sambamba lazima utyuni upya, na Jumapili urudishe kabla kinanda hakijakuumbua mbele ya mchungaji. Ajabu ni kwamba kipande chake maarufu kuliko vyote ndicho kinachofundishika zaidi: ule mwanzo wa "Sweet Child o' Mine" ulianza kama zoezi la vidole la Slash, mchezo tu, wenzake wakaudaka. Septemba 1988 wimbo huo ukawa namba moja Marekani. Mwalimu wa gitaa akikupa mazoezi yanayochosha, usiyadharau.

Bibi yuko sebuleni

Bibi yake mpwa, yaani mama yangu, ni mwalimu mstaafu. Kiingereza anakijua vizuri kuliko mimi na redio yake huwekwa sebuleni, ambako ndiko spika ilipo. Kwa nyumba ya namna hiyo swali la maneno si dogo.

Dire Straits unaweza kuipiga wageni wakiwa wanakunywa chai. Kuna mapenzi ya gizani karibu na maji, kuna wivu, na "In the Gallery" inalalamika kuhusu msanii hodari aliyepuuzwa na wenye majumba ya sanaa huku wababaishaji wakitukuzwa. Mama aliusikia huo, akauliza unasema nini, nikamweleza, akatikisa kichwa: "Hata huko?"

*Appetite* hapana. Ina matusi, "Mr. Brownstone" ni wimbo wa watu walioshikwa na heroini, wanawake wengi humo ndani wanatajwa kwa namna ambayo hutaki binti yako aizoee, na jalada lake la kwanza lilikuwa na picha iliyokataliwa na maduka mpaka ikahamishiwa ndani na nafasi yake kuwekwa msalaba wenye mafuvu matano. Mafuvu hayo ni wanabendi wenyewe. Eleza hilo sebuleni kwa mama yangu, mimi nitakuwa nje nakata majani ya ng'ombe. Hii ni albamu ya hedifoni. Haiipunguzii ubora, inaamua tu inasikilizwa wapi.

Na Freddie je?

Kila nikizungumza habari hizi kuna anayesema: anza na Queen, mwimbaji wao ni wetu. Kweli, Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Lakini albamu ya kwanza ya Queen, ya mwaka 1973, waliyoirekodi kwa kuibia saa ambazo studio ya Trident haikuwa na wateja, ni ya bendi iliyokuwa bado inajitafuta. Wapende, waende nao mbele hadi 1975 ukakutane na ukubwa wao. Kuzaliwa Unguja hakuifanyi albamu kuwa ya kuanzia.

Basi chukua ipi

Kama masikio yako yamelelewa na dansi, rumba au kwaya, kama unapiga ala yoyote, kama husikilizi peke yako: Dire Straits. Kama una kazi ya usiku, kama unaendesha bodaboda na umechoka (sikio moja liachie barabara, tafadhali), kama umeachwa, au kama una umri wa miaka 19 na kila mtu anakuambia utulie: *Appetite*. Kama una miaka 45 na hukuwahi kuisikia, bado *Appetite*, maana Dire Straits utaipenda hata ukiwa na 70, ila hii nyingine inataka goti linalokunjika.

Ukienda kuitafuta, angalia usiuziwe sura. Ukiandika "Sultans of Swing" mtandaoni utaletewa mkusanyiko wa mwaka 1998 wenye jina hilo hilo, si albamu. Unayoitaka inaitwa *Dire Straits* tu. Lile toleo la jukwaani la wimbo huo, la kwenye *Alchemy* ya mwaka 1984, lenye kuzidi dakika kumi, liache kwanza. Ni pilau, na wewe hujaonja wali. Kwa Guns N' Roses, toleo la 2018 limejazwa nyimbo za ziada. Simama kwenye ya kumi na mbili. Na tafadhali zisikilize kwa mpangilio wake. Zote mbili kwa ubora wa kawaida wa simu hazifiki MB 150, bando la siku moja linatosha.

Mimi? Ningemwachia mpwa Dire Straits, na ndivyo nilivyomwambia tulipopita Bomang'ombe. Akaitikia kwa adabu zote: "Sawa, mjomba." Lakini "Sweet Child o' Mine" ilikuwa inacheza na mguu wake ulikuwa unagonga sakafu ya Kosta.

Alishuka njia panda ya Machame na begi lake na gitaa, wimbo wa mwisho, "Rocket Queen", ukiwa umefika katikati. Nilishukuru, kwa sababu ndani yake kuna sauti za mwanamke ambazo sikuwa na maneno ya kumweleza mtoto wa dada yangu. Nikavaa masikio yote mawili, nikaumaliza mwenyewe mpaka Moshi mjini.

Usiku simu ikalia. Ujumbe wake: "Shikamoo mjomba, nimefika salama, bibi anakusalimu. Ule wimbo wa mwisho hatukuumalizia. Unaitwaje?"

Nikamjibu: "Marahaba. Dm, C, Bb, A. Bila piki."